Mama alikataa kuvua meno usiku

Mwaka jana, pamba ikiwa imeanza kuvunwa, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Bukundi. Hakusalimia kwa kirefu kama ilivyo desturi yetu. Alisema, "Dada, mama hali. Wiki ya pili sasa anakunywa uji tu, na hataki mtu amwangalie mdomoni."

Mimi nimeolewa Bariadi. Siku iliyofuata nilipanda gari hadi Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya yetu ya Meatu, na kutoka hapo nikapata usafiri wa kwenda Bukundi. Nilimkuta mama amekaa kivulini, kanga imefunika nusu ya uso. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimia. Aliitikia huku mkono uko mdomoni. Mama yangu ni mtu wa kucheka kwa sauti. Siku ile hakucheka, na jioni ulipoletwa ugali na mlenda alisukuma sahani pembeni.

Ili mnielewe, ndugu wasomaji, lazima nirudi nyuma kidogo.

Meno ya mama yaliisha moja baada ya jingine tangu tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijaanzishwa mwaka 2012. Jino likiuma, linang'olewa, basi. Kuziba hatukujua. Alipofikisha miaka 60 na kitu, juu hakikubaki hata kimoja, chini yalibaki mawili yanayocheza. Alisaga chakula kwa ufizi. Michembe aliipika na karanga mpaka ikawa uji. Matobolwa, ambayo kwetu mtoto na mzee hutafuna siku nzima wakipiga hadithi, aliacha kabisa.

Hilo la chakula alilivumilia. Lililomuumiza ni jingine. Sisi wa Usukuma tunajua kwa uchungu jambo ambalo wengine hulisoma magazetini tu. Bibi kizee mwenye macho mekundu hutazamwa vibaya. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka 50, lakini wapo wanaosema ni uchawi, na wapo vikongwe waliouawa kwa maneno hayo. Mama alikuwa na macho mekundu. Siku moja watoto wa jirani walimkimbia njiani wakipiga kelele. Aliporudi nyumbani aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, macho mekundu ninayo tayari. Na meno nikose?"

Tulichangishana, sisi watoto wote. Baada ya kuuza pamba tukampeleka mjini kwa fundi mmoja, akapimwa, na baada ya muda akapata meno ya bandia, bamba la juu na bamba la chini. Siku alipoyavaa alijitazama kwenye kioo cha simu yangu kwa muda mrefu, halafu akacheka ile sauti yake. Nilijua hela yetu haikupotea. Fundi alitupa onyo moja tu, tusiyaangushe, yatavunjika. Hatukuuliza kingine. Tulihesabu hela, tukashukuru, tukaondoka.

Mama alifuata onyo hilo kwa uaminifu. Njia aliyoiona ya kutoyaangusha ni kutoyavua. Aliyavaa mchana, aliyavaa usiku. Asubuhi alisukutua kwa maji, akatema, akaendelea na kazi. Miaka mitatu.

Dalili zilianza polepole. Alilalamika kwamba chakula kina ladha ya chuma. Pilipili kidogo tu ilimuunguza. Pembe za mdomo zilichanika, zikapona, zikachanika tena. Mjukuu aliyekuwa analala naye akasema kwa utoto wake, "Bibi ananuka mdomo," akahamia kwa shangazi yake. Mama hakumkemea. Alianza kuongea huku amefunika mdomo.

Mdogo wangu alikwenda duka la dawa, akaeleza, akapewa vidonge vya antibayotiki. Mama alimaliza dozi. Badala ya kupata nafuu, mdomo ulizidi kuwaka. Ndipo maneno yakaanza pale kijijini. Mmoja alisema ni saratani. Mwingine alisema amerogwa. Wa tatu alinong'ona ugonjwa ambao watu hawapendi kuutaja mbele ya mzee. Hayo yote mama aliyasikia, na ndiyo yaliyomfanya akatae hata kufungua mdomo mbele ya wanawe.

Kesho yake niliondoka naye kwenda Bariadi.

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa kinywa na meno, kijana wa umri wa mdogo wangu. Alimwamkia, akamuuliza habari za shamba na ng'ombe, kisha akasema, "Mama, naomba uvue meno nitazame." Mama akatazama ukuta. Akaombwa tena. Akatazama ukuta. Kijana yule aliniomba mimi nitoke, akamwomba na muuguzi atoke. Sijui walizungumza nini. Baada ya dakika kama kumi, mama mwenyewe aliniita.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona bila meno tangu ayapate. Uso ulikuwa mdogo, midomo imeingia ndani. Lakini kilichonishtua kilikuwa juu, kwenye kaakaa. Lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, na ule wekundu ulikuwa na umbo kamili la bamba. Ulianza pale bamba lilipoanzia na kuishia pale bamba lilipoishia, utadhani mtu amepiga muhuri. Ufizi wa chini ulikuwa na nafuu.

Daktari alichukua lile bamba la juu, akaligeuza upande unaokaa kwenye kaakaa, akakwangua kwa kijiti. Kilitoka kitu cheupe, kinato, kama ukoko wa maziwa. "Mgonjwa," akasema, "ni huyu hapa. Mdomo wa mama unaumia kwa sababu ya huyu."

Alitueleza taratibu, na nitajaribu kueleza kama nilivyoelewa.

Kinywa cha kila mtu, mwenye meno na asiye nayo, kimejaa viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Aina za bakteria peke yake zilizokwisha kutambuliwa kwenye vinywa vya watu ni kama 700, ingawa mtu mmoja hana zote. Si jambo la jana. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua utando kwenye meno yake, akauweka chini ya lenzi alizozitengeneza mwenyewe, akaona viumbe vinakimbia huku na huku. Aliandika barua London kueleza alichokiona. Wengi wa viumbe hao hawana neno na sisi. Wanaishi, wanashindania chakula, wanazuiana. Mate yanawasukuma, ulimi unawasugua, na ngozi ya ndani ya kinywa hujibandua kila mara na kuondoka nao.

Bamba la plastiki halijibandui. Limekaa pale pale, lenye joto siku zote. Chini ya bamba la juu, ambalo limenata kwenye kaakaa, mate hayapiti vizuri, hewa ni haba, na mabaki ya chakula yanachachuka. Hapo viumbe hao hujenga. Kwanza hujibandika wachache, kisha hutoa kitu kama ute unaowashika pamoja, kisha wengine hujenga juu yao. Ni ule utelezi tunaoujua ndani ya ndoo ya maji. Ukimwaga maji na kusuuza, utelezi unabaki. Lazima uusugue.

Katika utando wa mama alikuwemo mkazi mmoja hasa, fangasi aitwaye Candida albicans. Huyu anakaa kwenye vinywa vya watu wengi wazima bila kuleta shida, kwa sababu bakteria na mate na kinga ya mwili vinambana. Akipata mahali pa kujificha anaota nyuzi nyuzi, na zile nyuzi zinashika kwenye plastiki na kuchokoza nyama iliyo karibu. Ndiyo maana vile vidonge vya antibayotiki vilizidisha tatizo. Vidonge viliua bakteria, havikumgusa fangasi. Ni kama kuwafukuza majirani waliokuwa wanamzuia mwizi.

Daktari akaongeza kwamba plastiki ile tunaiona laini, lakini ina vitundu na mikwaruzo midogo mno, na viumbe hao huingia humo. Hapo mama, aliyekuwa kimya muda wote, akasema:

"Kumbe ni kama kibuyu."

"Kibuyu gani, mama?"

"Kibuyu cha maziwa. Kibuyu kipya ukitia maziwa, yanachelewa kuganda. Kibuyu cha zamani ukitia asubuhi, kesho yameganda, hata kama hukutia mbegu ya mtindi. Kuganda kumo ndani ya kibuyu chenyewe."

Daktari aliweka kalamu mezani. Alisema, "Mama, kuanzia leo wagonjwa wangu nitawaambia hivyo hivyo."

Nimelifikiria sana neno lile. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini amechunga maziwa maisha yake yote. Anajua kwamba chombo kinaweza kuwa na uhai ambao huuoni. Kwenye kibuyu uhai huo tunautaka, unatupa mtindi. Kwenye bamba linalolala mdomoni usiku na mchana, unatula. Na kama ulivyo upumbavu kumwaga maziwa yaliyochacha na kutia mapya kwenye kibuyu kile kile ukitegemea yatakaa bila kuchacha, ndivyo ilivyo kutibu mdomo na kuliacha bamba. Dawa itaondoa wekundu, bamba litaurudisha.

Kabla ya dawa, daktari aliomba ampime mama sukari na VVU, kwa sababu fangasi wa kinywani wakati mwingine huwa ishara ya mwili ulioishiwa kinga au wenye sukari nyingi. Mama alikubali bila kusita. Majibu yote yalitoka safi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mpigie mdogo wako simu. Mwambie aseme kwa sauti, majirani wasikie."

Matibabu hayakuwa makubwa. Dawa ya fangasi ya maji, ya kuzungusha mdomoni mara nne kwa siku, meno yakiwa yamevuliwa. Dawa ya kupaka kwenye pembe za mdomo. Kuyasugua mabamba kwa brashi laini na sabuni kila siku. Na sharti la mwisho ambalo daktari alilirudia mara tatu: usiku meno yakae nje, kwenye maji safi.

Tulirudi nyumbani kwangu na dawa zote. Usiku ule nilipompelekea chai nilimkuta amelala na meno.

Sikumlaumu. Nyumbani kwangu ni kwa mkwewe. Kwa malezi yetu, mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hata kula mezani pamoja anaona tabu. Itakuwaje mkwe akutane naye alfajiri akielekea chooni, midomo imeingia ndani? Na nyuma ya aibu hiyo ipo ile hofu ya zamani ya watoto wanaokimbia njiani. Daktari alikuwa anamwomba avue kitu kilichomrudishia sura ya mtu.

Nilimweleza tena habari ya fangasi. Aliitikia, akageukia ukutani. Usiku wa pili vile vile. Usiku wa tatu nililia chumbani kwangu. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamweleza, ingawa mama alikuwa amenikataza. Hakusema kitu.

Kesho yake alirudi kutoka kazini na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa komeo, akalifunga mwenyewe upande wa ndani wa mlango wa chumba cha mama. Cha pili kilikuwa bakuli dogo la plastiki lenye kifuniko, lile la rangi ambalo huwezi kuona kilichomo. Alinipa mimi, hakumpa mama mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika sebuleni, "Mwambie mama chumba kile ni chake. Hakuna atakayebisha hodi kabla hajatoka mwenyewe. Na bakuli hili hakuna mkono mwingine utakaoligusa." Kisha akawaita watoto, akaongea nao nje. Sikusikia alichowaambia, ila tangu siku ile hakuna aliyemfungulia bibi mlango.

Usiku ule mama alifunga komeo. Asubuhi alitoka akiwa na meno yake, yamesuguliwa, anatuamkia kama kawaida. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Niliona tu maji ya bakuli yamemwagwa na bakuli limeanikwa juani.

Baada ya wiki 2 tulirudi hospitali. Ule muhuri mwekundu ulikuwa umefifia, umebaki kwa mbali. Pembe za mdomo zilikuwa zimepona. Daktari alitueleza jambo jingine ambalo hatukulijua: meno ya bandia hayadumu milele. Mtu akishang'olewa meno, mfupa wa taya unaendelea kupungua, na bamba lililokuwa linakaa vizuri linaanza kucheza na kukwaruza. Mkwaruzo huo nao ni mlango wa viumbe wale. Lile bamba la juu lilikuwa limelegea na lina ufa mwembamba. Safari hii tulichangishana tena, na safari hii tuliuliza maswali yote.

Naandika haya kwa sababu najua kuna familia nyingi kama yetu. Tunampeleka mzazi kutengenezewa meno, tunapiga picha, tunarudi shambani au mjini. Kinachofuata tunamwachia yeye. Mara nyingi ule wekundu wa kwenye kaakaa hauumi kabisa, kwa hiyo mzee hatalalamika mpaka umefika mbali. Na madhara hayaishii mdomoni. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi kwa muda wa miaka 3. Wale waliolala na meno ya bandia walikuwa katika hatari ya kupata nimonia zaidi ya mara mbili ya wenzao waliovua usiku. Mzee akiwa usingizini huvuta mate kidogo kidogo kuelekea kwenye mapafu bila kujua, na pamoja na mate huenda na wakazi wa lile bamba.

Basi, kama una mzazi mwenye meno ya bandia, haya ndiyo tuliyofundishwa. Ayavue na kuyasuuza kila baada ya chakula. Mara moja kwa siku, vizuri zaidi jioni, yasuguliwe pande zote, hasa ule upande unaogusa ufizi, kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, kisha yasuuzwe vizuri. Dawa ya meno si nzuri kwake, kwa sababu ina chembe zinazokwaruza, na kila mkwaruzo ni kiota kipya. Ayasugulie juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yaangukie majini. Asitumie maji ya moto, plastiki itajikunja. Ufizi, kaakaa na ulimi navyo visuguliwe kwa kitambaa laini kilicholowa. Usiku yakae kwenye chombo chake chenye maji safi, na maji yabadilishwe kila siku. Asinunue antibayotiki dukani kwa kubahatisha. Na kidonda chochote cha mdomoni kisichopona ndani ya wiki 2 kionwe na daktari, awe na meno ya bandia au asiwe nayo.

Lakini hayo yote mama angeweza kuyasikia na asiyafanye, kama alivyofanya siku zile tatu. Mimi nilidhani kazi yangu ni kumwelimisha. Alikuwa ameelewa kuliko mimi, yeye ndiye aliyeleta habari ya kibuyu. Alichokosa ni mlango unaofungwa na watu wa nyumbani wanaojua kunyamaza. Kabla hujamwambia mzee wako avue meno usiku, tazama analala wapi na nani, na nani atamwona asubuhi.

Mama amesharudi Bukundi. Mdogo wangu amefunga komeo kwenye chumba chake. Wanawake wa rika lake, wale wenye meno ya bandia na wale wanaotaka kuyatengeneza, humfuata kuuliza, naye huwaeleza habari ya kibuyu, kila mara ikiwa ndefu zaidi. Yule mjukuu amerudi kulala naye. Yeye ndiye anayemchotea maji ya bakuli jioni, anayaweka mlangoni na kuondoka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta kivulini na wenzake, sinia la matobolwa katikati. Hatafuni makavu kama zamani, anayachovya kwanza kwenye chai. Alikuwa anacheka, na mkono wake ulikuwa kwenye sinia.